Kengele ya Malkia

Jumatatu, 4 Julai 1814

Nimeanza kuandika leo kwa sababu mahakama huamini karatasi kuliko mdomo, na kuna mtu hapa kijijini ambaye siku moja nitasimama naye mahakamani. Mwandiko wangu ni mbaya. Nilisoma kidogo tu wakati wa baridi, kazi za shamba zilipolala, na mwalimu wetu alikuwa mlevi. Lakini jicho langu halina kasoro, na mimi Zadock Farnum nilikuwa sajini kabla wengi wa hapa hawajazaliwa.

Mtu mwenyewe ni Philo Wetherbee, jirani yangu. Shamba lake na langu yanatenganishwa na ukuta wa mawe, na mawe mengi ya ukuta huo niliyabeba mimi. Leo tulikusanyika mbele ya kanisa kuadhimisha uhuru, uhuru nilioupigania yeye akiwa bado ananyonya. Vikombe vilipoinuliwa kumtakia Rais ushindi dhidi ya Waingereza, Wetherbee akajikuna sikio.

"Jirani, mkono umekufa ganzi?" nikamuuliza.

"Umechoka, Sajini. Umechoka kuinuliwa kwa ajili ya vita ambavyo sikuviomba."

"Kuinua chai hauchoki. Mkeo anakunywa chai. Bandari zimefungwa, sasa hiyo chai inatoka wapi?"

"Inatoka kwenye birika," akasema, na watu wakacheka.

Wacheke. Mimi najua inakotoka. Kuna watu wanaopitisha ng'ombe msituni kwenda kaskazini, Kanada, wanawauzia Waingereza, kisha wanarudi na chai na chumvi nzuri. Mwanangu Amasa yuko ng'ambo ya ziwa, Plattsburgh, anajenga ngome pamoja na jeshi letu. Askari watakaomjia wananenepa kwa nyama ya kijiji chake mwenyewe. Ndiyo maana nitamshika Wetherbee, hata kama ni kazi ya mwisho nitakayoifanya hapa duniani.

Jioni kengele imelia mlimani. Ng'ombe wangu wapo.

5 Julai

Nieleze kuhusu kengele, hakimu asije akaniuliza. Majira ya joto ng'ombe wetu hukaa msituni juu ya mlima, wanakula wanachopata, na sisi huku chini tunakata majani ya kuwalisha wakati wa baridi. Wangu ni maksai wachanga wanane na ng'ombe jike mzee, Malkia. Nilimwita hivyo ili nipate kumwamrisha malkia. Malkia ndiye anayevaa kengele na wengine humfuata. Hakuna haja ya kupanda kuwaangalia. Jioni unasimama mlangoni. Ukisikia kengele, wapo. Usiposikia, unapanda.

Watu wengine huchanganya kengele zao na za jirani. Yangu haichanganyiki. Niliifua mwenyewe kutokana na sufuria ya shaba tuliyoiteka kwa Wajerumani waliokodiwa na Mfalme wa Uingereza, vitani pale Bennington. Ina sauti nzito, kama mtu anayekataa. Naijua hata nikiwa usingizini.

7 Julai

Mvua. Kengele imelia.

9 Julai

Mchuuzi amepita na sindano zake. Anasema huko Burlington wamempiga risasi mtoro mwingine wa jeshi. Walimpigisha magoti juu ya jeneza lake mwenyewe.

"Vema," nikasema. "Wakati wangu tulifanya hivyo bila jeneza."

Jerusha, mke wa Amasa, alikuwa mezani nasi. Akainuka akasema anakwenda kisimani kuchota maji. Ndoo ilikuwa imejaa.

Kengele imelia.

12 Julai

Tumekata majani ya bondeni. Nusu ya kazi nimeifanya mimi, na nyonga yangu hii mbovu. Jerusha amefanya nusu nyingine, huenda na zaidi kidogo.

Kwenye kijito nimekuta nyayo za ng'ombe wengi, zinaelekea kaskazini. Mvua ilikuwa imezilainisha pembeni, kwa hiyo walipita siku kadhaa nyuma. Nyayo zinaanzia kwenye njia ya Wetherbee. Nikamwita ukutani.

"Ng'ombe wako wametembea, Philo."

"Ng'ombe wana miguu, Mzee Farnum. Ungetaka watambae?"

"Wametembea kwenda kaskazini."

"Basi walipenda baridi." Kisha akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda, kama mtu anayemwangalia farasi wa kununua. "Na wako? Wazima?"

"Nawasikia kila jioni."

"Ah," akasema. "Kumbe unawasikia."

Sijui kwa nini jambo hilo lilimfurahisha.

16 Julai

Jerusha anaoka mikate mingi mno. Tuko wawili nyumbani. Mimi nala kama ndege, naye hali kabisa.

17 Julai

Kanisani. Mahubiri marefu. Kengele imelia.

21 Julai

Nimewakuta Jerusha na Wetherbee wakiongea ukutani. Mkono wake Jerusha ulikuwa juu ya jiwe, na Wetherbee alikuwa ameinama kama anayemnong'oneza. Waliponiona, wote wawili wakaanza kuzungumzia mawingu.

"Yataleta mvua," akasema Wetherbee.

"Yataleta," akasema Jerusha.

Anga halikuwa na wingu hata moja.

Sitaki kuandika ninachofikiri. Mwanangu yuko vitani. Lakini nimekula chumvi nyingi, na najua sura ya watu wawili wenye jambo lao.

22 Julai

Blanketi la Amasa halimo kwenye sanduku. Viatu vyake vya msituni pia havimo.

Nimemuuliza Jerusha wakati wa chakula.

"Panya, Baba," akasema.

"Panya wamekula viatu?"

"Nimewapa maskini."

"Maskini gani hapa mwenye mguu mkubwa kama wa Amasa?"

Akaweka kijiko chini. "Baba, unataka nikuapie?"

"Nataka viatu."

Akaanza kukusanya vyombo. Jerusha ni mwanamke aliyenyooka. Siku zote nilisema Amasa hakustahili kumpata, na nilisema hivyo mbele ya Amasa. Sasa sijui niseme nini. Anapanda mlimani kila wiki kuwapelekea ng'ombe chumvi. Kikapu cha chumvi hakiwi kizito vile.

Kengele imelia, na nimeisikiliza muda mrefu. Ndiyo kitu pekee hapa nyumbani kisichonidanganya.

28 Julai

Joto. Nzi. Kengele.

3 Agosti

Askari wa farasi wamekuja kulala katika nyumba ya wageni kijijini, wametumwa kuwakamata wapitisha ng'ombe. Kiongozi wao ni Luteni Prouty, kijana ambaye ndevu bado zinamtafuta. Nikavaa koti langu la zamani, nikaenda.

"Mimi ni Sajini Farnum," nikamwambia. "Nilikuwa Bennington."

"Kila mzee ninayekutana naye alikuwa Bennington," akasema. "Nashangaa mlitoshea."

Nikambana kwa macho mpaka akaomba radhi. Nikamwambia kuhusu nyayo, chai, na njia ya Wetherbee. Akasikiliza vizuri. Akasema, "Mzee wangu, siwezi kumfunga mtu kwa sababu ya birika. Nipe mahali. Nionyeshe wanakokusanyikia au wanakolala, nitakuja na watu wangu."

"Utapata mahali," nikasema. "Na mtu wa aina hiyo mnamfanyaje?"

"Mpitisha ng'ombe tunamnyang'anya mali na kuandika jina lake kwenye mlango wa kanisa. Tukimkuta na mtoro wa jeshi, mtoro tunampeleka Burlington, na unajua Burlington kuna nini."

"Najua," nikasema. "Na ni sawa kabisa."

9 Agosti

Mvua kubwa tangu alfajiri. Mvua ya kuzamisha bata. Jioni kengele imelia katikati ya mvua hiyo hiyo.

Ng'ombe hafanyi hivyo. Mvua ikipiga namna hii ng'ombe husimama chini ya mti, huinamisha kichwa, na kengele hulala. Nimesimama mlangoni mpaka Jerusha akanivuta ndani kwa mkono.

"Utaugua, Baba. Umeisikia. Wapo."

"Anatembea kwenye mvua."

"Malkia ni mzee. Wazee wana ukaidi wao."

Hapo alinisema mimi, nami nikacheka. Lakini nimelala vibaya.

14 Agosti

Nimeuona moshi. Ni moshi mwembamba, na unatoka katikati ya miti yangu ya sukari, pale kwenye kibanda tunachochemshia utomvu wake uwe sukari wakati wa masika. Mwezi huu hakuna anayechemsha chochote. Kwa hiyo Wetherbee amewaweka wapitisha ng'ombe wake kwenye ardhi yangu, chini ya paa langu, na Jerusha anawalisha mikate yangu. Yote yamejipanga mstari mmoja kama askari.

Baada ya kanisa nimekwenda kwa Luteni. Nimempa mahali.

"Jumamosi asubuhi," akasema. "Usimwambie mtu, hata wa nyumbani kwako."

"Hasa wa nyumbani kwangu," nikasema.

17 Agosti

Jerusha amenishonea shati. Nimelivaa bila kusema asante.

Ijumaa, 19 Agosti

Nitaandika taratibu. 

Leo jioni kengele ilipoanza nilikuwa nimekaa kwenye kigogo nje, na kwa mara ya kwanza niliisikiliza kama fundi aliyeitengeneza. Ng'ombe akila hupiga hatua, husimama, hung'oa, hutikisa kichwa kufukuza nzi. Kengele yake haina mpango. Hulia mbili, hunyamaza, hulia moja, hulia tano kwa pupa. Hii ya leo ililia moja, mbili, tatu, pumziko. Moja, mbili, tatu, pumziko. Hakuna ng'ombe aliyezaliwa anayekula kwa mwendo wa gwaride.

Mkono wa mtu ndio unaoipiga.

Nikasema, wezi wamewachukua na sasa wananibembeleza kwa kengele yangu mwenyewe. Jerusha alikuwa akikamua ng'ombe wa nyumbani. Nikachukua fimbo na gobori, nikapanda. Nyonga ililia njia nzima, nikaiambia ilie kimya kimya. Sikuingia kwa njia. Nilizunguka kwa nyuma kwenye misonobari, kama tulivyowazunguka Wajerumani.

Amasa alikuwa amekaa mbele ya kibanda.

Mwanangu. Ndevu zimemjaa usoni na blanketi liko mabegani, joto lote hili. Kengele ya Malkia ilikuwa mkononi mwake. Ameigeuzia nyumbani, anaipiga huku anatazama chini kwenye paa letu kati ya miti, midomo inahesabu. Alikuwa na sura aliyokuwa nayo akiwa mdogo nilipompa kazi ngumu na akaogopa kuiharibu.

Hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Hata mavi mapya hayakuwapo.

Kabla sijajua la kufanya, Wetherbee akatokea upande wa pili na mfuko begani.

"Taratibu, Amasa," akasema. "Ng'ombe hana haraka ya kwenda kanisani."

"Nikipiga polepole, upepo ukivuma hasikii," akasema Amasa. "Asiposikia atapanda."

"Kwa nyonga ile?"

"Humjui baba yangu. Atapanda kwa meno."

Wetherbee akacheka, akakaa. "Yule mzee ananitazama mimi tu, mchana kutwa. Ni jambo jema. Akinitazama mimi, hakutazami wewe."

"Ulisema utachukua maksai tu," akasema Amasa. "Malkia alikuwa mzee. Nyama yake ngumu. Ungemwacha."

"Waingereza wana meno mazuri. Na mdomo wangu umefungwa kwa ajili yako, sivyo? Mdomo kama huu una bei. Wale ndio walikuwa bei yake."

Nilikuwa na gobori. Nililielekeza kwenye kifua cha Wetherbee. Halafu nikafikiri: mlio utasikika mpaka nyumba ya wageni, na Luteni atakuja leo badala ya kesho.

Nikalishusha. Nikarudi kwa njia niliyojia.

Sikumwita. Nimejiuliza njia nzima kwa nini sikumwita. Nadhani nilijua kwamba nikijitokeza itabidi niseme kitu, na kitu cha kumwambia mtoro nimekuwa nikikisema mezani kwa sauti kubwa miezi yote hii. Mke wake amekibeba mpaka huko juu pamoja na mikate.

Jerusha amelala. Kesho kabla hakujapambazuka nitamwamsha, nitamwambia amhamishe. Naandika ili usiku upite.

Jumamosi, 20 Agosti

Walifika kabla sijamwamsha Jerusha. Nilisinzia kwenye kiti kama mzee, na kwato ndizo zilizoniamsha. Luteni Prouty na watu wake uani, na Wetherbee katikati yao na shati la kulalia ndani ya suruali. Walimpitia kwanza. Jerusha alikuwa tayari mlangoni, mweupe kama maziwa aliyoyashika.

"Sajini," akasema Luteni, "tuonyeshe njia ya kibandani."

Wetherbee aliniangalia. Aligeuza macho mlimani, kisha kwa Jerusha, kisha akarudi kwangu. Nikaona anafanya hesabu. Akipanda pamoja nao, Amasa anakamatwa. Amasa akikamatwa atasema nani alichukua ng'ombe. Alikuwa na hofu kama yangu mimi, yule mbwa.

"Hakuna haja ya kupanda," nikasema.

"Ulisema kuna watu kule."

"Nilisema uongo. Maksai wanane na ng'ombe jike mmoja. Niliwauza kwa Waingereza. Mimi mwenyewe."

Ndoo ya Jerusha ikaanguka. Luteni akashuka kwenye farasi polepole.

"Ulikuja kwangu mara mbili, Mzee. Ulimtaja huyu."

"Ili mumtazame yeye. Mtu akimtazama jirani yangu hanitazami mimi." Maneno hayo niliyaazima, na mwenye nayo aliyatambua. Shingo yake ilibadilika rangi.

"Na moshi?"

"Wangu. Nilikuwa nawasha moto nikisubiri wanunuzi."

"Kwa nyonga hiyo ulipanda?"

"Nyonga hii ilipanda Bennington. Jana jioni ilipanda tena. Tazama viatu."

Akavitazama. Vilikuwa na tope la msituni mpaka juu. Hata hivyo sikumtosheleza. Alikuwa kijana asiye mjinga, na alianza kugeuza uso kuelekea mlimani. Hapo ndipo Wetherbee alipofungua mdomo wake wenye bei.

"Ni kweli," akasema. "Nilimwona akiwapitisha. Nilinyamaza kwa sababu ni mzee na ni jirani. Inaniuma kusema."

Inamuuma. Alisema hivyo ameweka mkono kifuani. Nami ilinibidi nisimame pale, niinamishe kichwa mbele ya mwizi wa ng'ombe wangu, na nishukuru moyoni kwamba ananishuhudia vizuri.

Luteni alinisogelea. Nilidhani atanipiga, na ingekuwa heri. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanao yuko Plattsburgh. Umewalisha watu wanaokwenda kumuua."

"Ndiyo," nikasema.

Ametwaa maksai wangu wawili wa jembe kwa ajili ya jeshi. Amenivua koti la usajini kwa mkono wake, hakumpa hata askari kazi hiyo. Jina langu litabandikwa kwenye mlango wa kanisa. Angenipeleka Burlington, lakini anasema majeshi ya Waingereza yanakusanyika mpakani na hana mtu wa kupoteza kwa kumlinda kizee. Wakaondoka bila kupanda.

Wetherbee alipopita karibu nami akasema, "Sajini."

"Usiniite hivyo," nikasema. "Na ukikanyaga mlima wangu tena, nitasahau kwamba una mke."

Jerusha akaokota ndoo. Kisha akauliza, "Tangu lini, Baba?"

"Jana."

"Walimvusha Amasa kwenda Burlington, wakampanga kwenye mstari wa wapiga risasi," akasema. "Yule wa Burlington alikuwa mwenzake wa hema. Walimpa Amasa bunduki pamoja na wengine, wakamwambia alenge kifuani. Alilenga. Usiku ule akatoroka."

Nilisema vema, siku ile. Na mchuuzi alikuwa bado hajamaliza chai yake ya majani ya porini. Nakumbuka.

"Anajua kwamba mimi najua?" nikamuuliza.

"Hapana. Alisema bora risasi kuliko wewe ujue."

Basi tukaacha hivyo. Jioni kengele ikalia moja, mbili, tatu. Tulikuwa mlangoni wote wawili.

"Malkia yuko salama," nikasema.

"Yuko salama, Baba," akasema Jerusha, akanishika mkono wa shati alilonishonea.

28 Agosti

Kanisani. Benchi langu zima nimekaa peke yangu. Jina langu mlangoni wameliandika kwa herufi kubwa, hata mimi nilisoma bila taabu. Wetherbee ameimba kwa sauti.

30 Agosti

Mtu ametupa mifupa ya ng'ombe mlangoni. Nimeisaga kwa ajili ya mbolea.

2 Septemba

Waingereza wamevuka mpaka. Wanashuka upande wa pili wa ziwa kwenda Plattsburgh, maelfu. Mvua ya rasharasha. Kengele.

6 Septemba

Jeshi letu limeomba watu. Mashua zinavusha wanaume kutoka ufukweni usiku na mchana, wakulima, wahunzi, hata mchungaji wa kijiji cha jirani. Nimekwenda kuona kwa mbali, maana sikaribishwi. Nimesikia mmoja akiulizwa jina, naye nahodha akasema, "Achana na majina. Ana bunduki? Panda." Hawaangalii mtu alikuwa wapi jana. Wetherbee hajaenda. Anasema mgongo.

7 Septemba

Leo nimepanda mchana, kwa njia, huku nakohoa ili nisikike. Nimesimama kwenye uzio wa chini, pale ambapo kibanda kinaonekana na aliye ndani haonekani. Nikaongea kwa sauti kubwa.

"Malkia," nikasema, "wewe ng'ombe mzee. Nimekuja kukupa habari. Huko ufukweni wanachukua watu. Hawaulizi majina wala hawaulizi ulitoka wapi. Anayekwenda sasa anakwenda kama mtu mpya. Sikwambii uende. Ng'ombe ana akili yake. Nakwambia tu njia ilipo."

Nikaegemea uzio kupumzisha nyonga.

"Na jambo jingine, Malkia. Kuna mambo niliyasema mezani. Mtu ambaye hajashikishwa bunduki ile asiseme. Mimi sikushikishwa. Wakati wangu walishikishwa wengine, na mimi nilitazama pembeni."

Nikaweka gobori juu ya uzio, pamoja na pembe ya baruti, kama mtu aliyesahau. Nilipogeuka kengele ikalia mara moja tu. Sikutazama nyuma.

Jerusha sikumwambia.

9 Septemba

Kengele imelia. Labda atabaki. Nimefurahi, na nimeona aibu kwa kufurahi. Sijui ipi ni kubwa.

10 Septemba

Imelia leo muda mrefu kuliko siku zote, mpaka giza. Haikuwa na mwendo wa gwaride. Ililia mbili, ikanyamaza, ikalia tano. Amejifunza.

Jerusha akasema, "Leo anapiga vizuri."

Jumapili, 11 Septemba

Mizinga imeanza asubuhi, ng'ambo ya ziwa. Madirisha yametetemeka. Jerusha amekwenda ufukweni na wanawake kuchana mashuka ya kufungia vidonda. Anafikiri Amasa yuko juu mlimani ameziba masikio, na ndiyo maana aliweza kwenda bila kulia.

Mimi nimepanda.

Gobori halipo kwenye uzio. Kibanda kimefagiwa. Blanketi limekunjwa kama tulivyofundishwa jeshini, nami ndiye niliyemfundisha. Viatu vya msituni vimewekwa pamoja chini ya kitanda cha matawi, vimesafishwa, na nadhani ameondoka na vile vya jeshi. Kengele imetundikwa msumarini, ulimi wake umefungwa kwa uzi wa bluu kutoka kwenye koti lake, upepo usije ukailiza.

Nimekaa. Nimekuja na karatasi zangu na kipande cha penseli. Mizinga ilinguruma mpaka adhuhuri, kisha ikakatika ghafla, kama mlango uliofungwa. Kutoka hapa naona ziwa na moshi mzito juu yake. Nani ameshinda sijui. Wanaojua bado hawajavuka maji.

Nilimwambia njia ilipo. Kama mashua itarudi naye, nitasema ni mimi niliyemrudishia heshima. Kama haitarudi naye, nitasema nini?

Sasa ni jioni. Jerusha ameonekana barabarani chini, anatembea kwa kuchoka, kitambaa cheupe kichwani. Ameingia uani. Amesimama mlangoni na amegeuza uso huku. Anasubiri.

Kesho ataleta mkate, na atajua. Usiku huu alale.

Nimefungua uzi. Nitapiga mbili, ninyamaze, nipige moja, kisha tano kwa pupa kama anayefukuza nzi. Nitapiga vizuri kuliko Amasa. Mimi ndiye niliyeifua kengele hii, na hakuna mtu katika kaunti nzima anayejua mwendo wa ng'ombe yule kama mimi.